Amplifaya ya Klasi D: Je, Pato Lake Linahitaji Kichujio? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huibuka kila fundi, mwanafunzi au mpenda elektroniki anaposhika bodi mbili za Klasi D, yaani amplifaya za sauti zinazofanya kazi kwa kuwasha na kuzima transista, moja ikiwa na koili nne nene mbele ya soketi za spika, nyingine ikiwa haina hata moja. Zote mbili zinalia. Basi koili ni za nini? Jibu langu linapita katika maswali yote yaliyo hapa chini: uamuzi huu haufanywi kwa masikio. Sikio halitakuambia kama kichujio kinahitajika. Wa kuulizwa ni chipu, mzigo, volti za ugavi na urefu wa waya.

Kichujio cha pato ni kitu gani hasa?

Transista za pato katika Klasi D hazipandi na kushuka taratibu kufuata muziki. Zinafunguka kabisa au zinafunga kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde, na muziki unabebwa na upana wa mapigo hayo. Ndiyo maana ufanisi wake hufika asilimia 85 hadi 95, wakati Klasi B hata kwa nadharia haivuki asilimia 78.5. Lakini kinachotoka kwenye chipu si muziki peke yake: ni muziki uliopanda juu ya wimbi la mraba lenye volti kamili za ugavi. Kichujio ni koili na kapasita zinazoruhusu masafa ya sauti, hadi kilohezi 20, yapite hadi kwenye spika, na kuzuia mapigo ya kilohezi 300 au 400 pamoja na hamoniki zake (masafa ya juu zaidi yaliyo vizidishio vya masafa ya mapigo).

Kama mapigo hayo yapo, mbona siyasikii kwenye bodi isiyo na koili?

Kwanza, sikio la binadamu halifiki huko. Pili, koni ya spika ina uzito wake. Juu ya masafa yake ya resonansi mwendo wake hupungua kwa kasi kadiri masafa yanavyoongezeka, na kwenye kilohezi 300 haisogei kiasi cha kutajwa. Tatu, koili ya sauti iliyo ndani ya spika nayo ina indaktansi, yaani hupinga mabadiliko ya haraka ya mkondo. Datashiti nyingi za chipu hizi (karatasi za vipimo za mtengenezaji) hupima kwa mzigo wa ohmu 8 ukiwa na mikrohenri 33 au 68 mfululizo, kuiga spika halisi.

Kwa hiyo mtu akisema "nimeondoa koili, sauti ni ileile," anasema kweli. Ila hajajibu swali, kwa sababu koili hazikuwekwa kwa ajili ya kusikia.

Chipu zinazoitwa "zisizohitaji kichujio" zina tofauti gani na nyingine?

Tofauti iko katika jinsi ncha mbili za pato zinavyocheza. Hapa ndipo panapostahili kusomwa pole pole.

Katika mtindo wa zamani, ambao datashiti huuita AD, ncha mbili za daraja kamili (mpangilio ambamo chipu huendesha nyaya zote mbili za spika) hupingana daima: moja ikiwa juu, nyingine iko chini. Hata kukiwa kimya kabisa, kila ncha hukaa juu nusu ya muda na chini nusu ya muda. Spika inaona wimbi la mraba linalokwenda kutoka volti kamili chanya hadi volti kamili hasi. Wastani wake ni sifuri, kwa hiyo husikii chochote, lakini mkondo unapita kwenye koili ya sauti muda wote.

Katika mtindo wa BD, ncha mbili hupanda na kushuka pamoja kukiwa kimya. Tofauti kati yake ni karibu sifuri, na spika haioni kitu. Muziki ukija, ncha moja hupanua mapigo na nyingine huyapunguza, na spika hupokea vipande vyembamba vya tofauti hiyo tu. Isitoshe, vipande hivyo huja mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo masafa ambayo spika inayaona ni mara mbili ya yale ya chipu. Mkondo wa bure unashuka sana.

Sasa angalia upande wa pili wa shilingi, ambao wengi hawauoni. Ncha mbili zikipanda pamoja, nyaya zote mbili za spika zinaruka volti kamili kwa wakati mmoja ukilinganisha na grauni. Spika imetulia, lakini waya umekuwa antena. Mtindo wa BD unatatua tatizo la joto la spika, na papo hapo unalifanya tatizo la mawimbi ya redio kuwa kubwa zaidi. Maneno "haihitaji kichujio" kwenye datashiti yana maana ya spika. Hayana maana ya waya.

Nitajuaje chipu yangu ni ya mtindo upi?

Soma datashiti, hakuna njia ya mkato iliyo salama. PAM8403 na MAX98357A, zile ndogo za volti 5, zimetengenezwa ziendeshe spika moja kwa moja. TPA3116D2 hutumia BD na inaweza kuwekewa shanga za feraiti (vipande vidogo vya kuzuia kelele za masafa ya juu, vinaelezwa hapo chini) au koili kamili kulingana na kazi. TPA3255, ambayo ugavi wake hupita volti 50, ni ya AD na inataka koili, bila mjadala.

Kama una osiloskopu (kifaa kinachochora wimbi la volti), pima ncha zote mbili kwa pamoja kukiwa kimya. Zikipanda pamoja ni BD. Zikipishana ni AD.

Nisipoweka kichujio, spika itaungua?

Inategemea mtindo na volti, na hesabu yake si ngumu. Chukua chipu ya AD yenye daraja kamili, kilohezi 300, na spika ya ohmu 8 yenye mikrohenri 33. Mkondo wa ripoli (unaoyumba kufuata mapigo) kukiwa kimya, kutoka kilele hadi kilele, ni mara mbili ya volti za ugavi ukigawa kwa (4 × indaktansi × masafa).

Kwa volti 5 unapata amperi 0.25. Ukiupitisha kwenye ohmu 8, joto linalotokea ni takriban miliwati 43. Spika haitadhurika, ila betri italipa gharama hiyo hata wimbo ukiwa umesimamishwa.

Kwa volti 24 mkondo unakuwa amperi 1.2, na joto linakaribia wati 1. Volti zimeongezeka karibu mara tano, joto limeongezeka mara 23, kwa kuwa linafuata mraba wa volti. Na hiyo ni hesabu ya ukinzani wa kawaida tu. Kwenye masafa ya juu chuma kilicho karibu na koili ya sauti huongeza hasara nyingine juu yake. Wati 1 ya kudumu ndani ya wufa (spika ya besi) kubwa ni kitu cha kuvumilika. Ndani ya spika ndogo ya wati 3 ni theluthi ya uwezo wake wote, na hata muziki haujaanza.

Kwa hiyo: AD yenye volti zaidi ya chache, weka koili. BD, spika ya kawaida ya koili ya sauti, joto si hoja kubwa. Nenda kwenye swali la waya.

Kuna spika ambazo hazifai kabisa kuunganishwa bila kichujio?

Zipo. Twita (spika za sauti za juu) za piezo, zisizotumia koili ya sauti, zinaongoza orodha. Kwa chipu, twita ya piezo ni kapasita tupu, na kapasita kwenye mapigo makali huvuta mkondo mkubwa kila pigo linapogeuka. Spika za umemetuli ni hivyohivyo.

Kisha kuna spika zenye krosova (saketi inayogawa sauti kati ya twita na wufa) ndani ya sanduku. Watu huzisahau kwa sababu krosova haionekani. Twita hupata ishara yake kupitia kapasita, na kapasita hiyo huyakaribisha masafa ya juu badala ya kuyazuia. Koili ya sauti ya twita ina indaktansi ndogo, kwa hiyo ulinzi ambao wufa ilikuwa nao haupo. Pia krosova nyingi zina ukinzani na kapasita zilizounganishwa sambamba na wufa kusawazisha impidansi (upinzani wa spika kwa mkondo unaobadilika). Kwa mapigo ya volti kamili, ukinzani ule ndio unaopokea mzigo, na unaweza kupata moto bila mtu kujua hadi harufu itoke.

Transfoma za mfumo wa volti 100 zinazotumika kwenye matangazo ya kumbi zinahitaji kichujio. Vivyo hivyo ukitaka kupeleka pato la amplifaya kwenye kifaa kingine, iwe kinasa sauti au ingizo la amplifaya nyingine: ingizo hilo halina koni wala indaktansi ya kukusaidia.

Urefu wa waya una uzito gani katika uamuzi huu?

Mkubwa kuliko kitu kingine chochote, ukishavuka swali la mtindo wa chipu.

Tatizo halisababishwi hasa na kilohezi 300 zenyewe. Linasababishwa na kona za wimbi la mraba. Transista ya kisasa hugeuka ndani ya nanosekunde chache. Kwa ukingo wa nanosekunde 5, nguvu za hamoniki hushuka pole pole hadi karibu megahezi 64, ndipo zianze kuporomoka kwa kasi. Maana yake chipu inayofanya kazi kilohezi 300 inatoa nguvu za kutosha hadi kwenye bendi ya FM. Mawimbi ya megahezi 100 yana urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75. Waya wa spika wa sentimita 75, urefu wa kawaida kabisa mezani, ni antena iliyokatwa kwa kipimo cha bendi hiyo.

Waya wa sentimita tatu au tano ndani ya kifaa chenye spika yake humohumo ni hadithi nyingine. Simu, kengele ya mlango na spika ndogo ya bluetooth huishi bila koili kwa sababu hiyo: chipu iko jirani na spika, volti ni ndogo, na waya haufiki urefu wa kuwa antena nzuri kwa masafa ambayo chipu inatoa.

Mimi hugawa hivi. Hadi sentimita 10 hivi, BD, volti 5: acha wazi, ila pima. Zaidi ya hapo hadi kama mita moja, volti za wastani: shanga za feraiti. Waya unaotoka nje ya kifaa kwenda kwenye spika ambayo mtumiaji ataichagua mwenyewe: koili na kapasita kamili. Huyo mtumiaji anaweza kuweka mita 10 za waya na wewe huna habari.

Kusokota nyaya mbili pamoja kunasaidia mkondo unaokwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Kwa BD, ambapo nyaya zote zinaruka pamoja, kusokota peke yake hakukuokoi.

Shanga za feraiti zinafanya nini ambacho koili haifanyi?

Zinafanya kidogo zaidi mahali pamoja, na hazifanyi kitu mahali pengine. Ushanga wa feraiti ulioandikwa ohmu 600 umepimwa kwenye megahezi 100. Huko juu hugeuza kelele kuwa joto, na hilo ndilo tulilotaka. Kwenye kilohezi 300 karibu haupo; mapigo yenyewe yanapita kama yalivyokuja.

Kwa hiyo feraiti pamoja na kapasita ya nanofaradi 1 au pungufu hukata kona kali za wimbi, basi. Ni dawa ya FM na ya vipimo vya megahezi 30 kwenda juu. Haitibu spika inayopata joto kwa mtindo wa AD, na haitibu redio ya masafa ya kati iliyo jirani.

Angalia mkondo. Ushanga ulioandikwa amperi 3 unaweza kubeba amperi 3 bila kuungua, lakini muda mrefu kabla ya hapo kiini chake kimeshashiba sumaku na impidansi yake imeporomoka. Chagua wenye uwezo mkubwa kupita mkondo wa kilele cha spika yako, na uangalie mchoro wa impidansi dhidi ya mkondo kama mtengenezaji ameutoa. Asipoutoa, tafuta mwingine anayeutoa.

Naweza kuweka kapasita tu, bila koili wala feraiti?

Usifanye hivyo. Kapasita iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ncha ya pato hujazwa na kumwagwa kila pigo, na nishati hiyo yote huishia kuwa joto ndani ya transista. Hesabu ni kapasitansi × volti mraba × masafa. Mikrofaradi 0.68 kwa volti 12 na kilohezi 300 ni wati 29 kwa kila ncha. Chipu itajizima kwa ulinzi wake, au itakufa.

Nanofaradi 1 kwa hali hiyohiyo ni miliwati 43. Ndiyo sababu kapasita za kichujio cha feraiti huwa ndogo hivyo, na ndiyo sababu huwezi kuchukua bodi ya koili, ukaruka koili kwa waya, na kuacha kapasita zake mahali pake.

Nikiamua kuweka koili, nachaguaje thamani?

Kwa daraja kamili kila ncha ina koili yake na kapasita yake kwenda grauni, na kila upande unaona nusu ya impidansi ya spika. Chagua masafa ya kukata (pale kichujio kinapoanza kuzuia), mara nyingi kati ya kilohezi 30 na 60. Kisha kwa kila upande, L ikiwa ni koili, C kapasita, R ohmu za spika na f masafa ya kukata:

L = (R ÷ 2) × 1.414 ÷ (2π × f)

C = 1 ÷ (2π × f × (R ÷ 2) × 1.414)

Kwa spika ya ohmu 8 na kilohezi 40 unapata mikrohenri 22.5 na mikrofaradi 0.70; za dukani ni 22 na 0.68. Kwa ohmu 4 ni mikrohenri 11 na mikrofaradi 1.4, chukua 10 na 1.5. Bodi nyingi huweka 10 na 0.68, ambayo hukata karibu na kilohezi 61. Ni suluhu ya kati, inayookoa nafasi na pesa, na si mbaya.

Kichujio cha namna hii hupunguza desibeli 40 kila masafa yakizidi mara kumi. Ukikata kilohezi 40 na chipu ikifanya kazi kilohezi 400, mapigo yanabaki sehemu moja ya mia. Kwa ugavi wa volti 12, wimbi la msingi lenye kilele cha volti 7.6 linashuka hadi milivolti 76. Kwa waya wa spika hiyo ni kelele ndogo.

Na nikibadilisha spika baadaye?

Kichujio kimepigiwa hesabu ya impidansi moja. Kile cha ohmu 8 na kilohezi 40, kikiwa na spika yake, hupoteza robo desibeli tu kwenye kilohezi 20. Kiwekee spika ya ohmu 4 na upotevu unakuwa desibeli 4. Mlio wa juu wa matoazi utapoa. Kiwekee ohmu 16 na kinapanda desibeli 1.6, sauti inakuwa kali kidogo.

Tena, spika halisi haina impidansi moja. Indaktansi ya koili ya sauti huipandisha kwenye masafa ya juu, palepale kichujio kinapofanya kazi. Bila spika kabisa, kichujio hakina cha kukizuia na hupandisha volti sana karibu na masafa yake ya kukata. Ukinzani na kapasita mfululizo, zikiwekwa sambamba na spika baada ya koili, hutuliza hali hiyo, na kwa amplifaya yenye soketi za nje ningeziweka kila mara.

Je, kichujio chenyewe kinaharibu sauti?

Kinaweza, kikijengwa kwa vipuri duni. Koili ambayo kiini chake kinakaribia kushiba hubadilisha indaktansi yake kadiri mkondo unavyopanda, na hiyo ni mikwaruzo inayoingia kwenye muziki wenyewe. Kwa ugavi wa volti 24 na spika ya ohmu 4 kilele kinaweza kufika amperi 6. Koili isishibe kabla ya hapo, na vyema zaidi isishibe kabla ya kiwango ambacho ulinzi wa chipu dhidi ya mkondo mkubwa huwaka. Ikishiba mapema, mkondo unaruka ghafla na ulinzi unaweza kuchelewa.

Kapasita za seramiki za aina ya X7R hupoteza sehemu ya thamani yake zikiwekewa volti, na kwenye kichujio hiki kila kapasita ya kwenda grauni inabeba nusu ya volti za ugavi hata kukiwa kimya. Kapasita za filamu, za polipropilini au poliesta, hazina tabia hiyo. Ni kubwa na ghali zaidi. Kwa amplifaya ya muziki ninazipendekeza bila kusita. Kwa kengele ya mlango seramiki yenye volti za kutosha inatosha. Seramiki za aina ya Y5V zikae mbali.

Kuna njia ya kihandisi ya kuliondoa tatizo lenyewe: kuchukua mrejesho (sampuli ya pato inayorudishwa kwenye ingizo) baada ya koili badala ya kabla, ili amplifaya isahihishe makosa ya kichujio pia. Mhandisi Bruno Putzeys aliibuni UcD, mtindo wa amplifaya ya Klasi D, kwa msingi huo alipokuwa Philips, na amplifaya za namna hiyo hazijali sana spika ni ya ohmu ngapi. Chipu nyingi za bei nafuu huchukua mrejesho kabla ya koili, kwa hiyo ubora wa koili unabaki mikononi mwako.

Amplifaya yangu ni ya nusu daraja. Mambo ni yaleyale?

Hapana, ni mafupi zaidi: kichujio ni lazima. Ncha ni moja, spika inarudi grauni au kwenye kati ya ugavi, na hakuna ncha ya pili ya kufuta mapigo kukiwa kimya. Kwa ugavi wa upande mmoja utahitaji pia kapasita kubwa ya kuzuia mkondo mnyoofu.

Chipu yangu hutawanya masafa. Hiyo si kichujio tosha?

Kutawanya masafa ni kuyayumbisha kidogo mapigo ili nishati isirundikane sehemu moja ya spektra. Vilele vinashuka, na kifaa kinaweza kupita kipimo ambacho kingeshindwa. Lakini jumla ya nishati inayotoka kwenye waya ni ileile. Inasaidia pale ulipokuwa umekaribia kufaulu.

Redio yangu ya masafa ya kati inanguruma amplifaya ikiwashwa. Feraiti zitasaidia?

Hazitasaidia. Chipu ya kilohezi 300 ina hamoniki kwenye 600, 900, 1200 na 1500, zote ndani ya bendi hiyo. Hapo ni koili kamili, au kubadilisha masafa ya chipu. TPA3116D2 inaruhusu kuchagua kati ya kilohezi 400 na 1200 ili kuikwepa stesheni, na chipu nyingi za magari hufanya kazi karibu na megahezi 2.1, juu ya mwisho wa bendi yenyewe, kwa sababu hiyohiyo.

Kabla ya kulaumu pato, hakikisha kelele haitoki kwenye nyaya za ugavi. Kapasita za seramiki zikiwa mbali na miguu ya chipu, mkondo wa mapigo hutoka hadi kwenye betri au adapta, na waya huo nao ni antena. Kichujio cha pato hakitaponya hilo hata ukiweka koili za mikrohenri 100.

Ninawezaje kujaribu bila maabara?

Redio ndogo ya betri yenye AM na FM ni kifaa cha maana. Iweke karibu na waya wa spika, pitia bendi yote amplifaya ikiwa kimya, kisha ikicheza. Mngurumo kwenye AM unakuambia kuhusu mapigo na hamoniki zake za chini. Stesheni dhaifu za FM zikizama unajua kona za mapigo ni kali mno. Sogeza redio mbali kidogo kidogo uone kelele inaishia wapi, kisha rudia ukiwa umeweka feraiti, halafu koili. Kipimo hiki hakitoi cheti, lakini kinaonyesha wazi kama umesogea mbele au umesimama.

Kwa bidhaa ya kuuzwa, mambo ni rasmi, kwa viwango vya kelele za redio: CISPR 32, ambayo Ulaya huitumia kama EN 55032, FCC Part 15 kwa Marekani, na CISPR 25 kwa vifaa vya ndani ya magari. Mawimbi yanayosambaa hewani chini ya CISPR 32 hupimwa kuanzia megahezi 30, na kelele zinazorudi kwenye umeme wa ukutani kuanzia kilohezi 150.

Mita na osiloskopu zinanipa namba za ajabu kwenye pato lisilo na kichujio. Tatizo ni nini?

Zinapima mapigo, si muziki. Weka ukinzani wa kiloohmu 1 na kapasita ya nanofaradi 4.7 kwa kila ncha, upimie hapo. Hukata karibu na kilohezi 34 na hakumsumbui mtu. Wanaopima upotoshaji kitaalamu hutumia kichujio kikali cha kilohezi 20 kilichoelezwa katika AES17, kiwango cha vipimo vya sauti, kwa kuwa hata kifaa ghali cha kupimia hudanganyika na mapigo.

Na klipu ya grauni ya osiloskopu usiibane kamwe kwenye ncha yoyote ya pato la daraja kamili. Zote mbili ziko hai. Tumia probu mbili, zote zikiwa na grauni kwenye grauni ya bodi, kisha toa moja kwa nyingine.

Ninachora bodi mpya na bado sijaamua. Niifanyeje?

Acha nafasi ya koili kwenye kila ncha, karibu kabisa na chipu, na nafasi ya kapasita baada yake. Chagua nafasi ambayo inaweza kupokea koili, ushanga wa feraiti au ukinzani wa ohmu 0. Acha pia nafasi ya ukinzani mdogo na kapasita ya pikofaradi mia kadhaa kutoka kwenye ncha ya chipu kwenda grauni, ya kutuliza mlio wa kona za mapigo. Tengeneza bodi ya kwanza ikiwa na koili kamili ili uwe na kipimo cha kulinganisha, kisha shuka hadi feraiti, kisha ohmu 0, ukipima kila hatua kwa waya na spika zilezile zitakazotumika. Ukifika kwenye ohmu 0, ng'oa kapasita kubwa kabla ya kuwasha.